Napigiwa Makofi kwa Matuta ya Tambarare

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana wenzangu wa kazini wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mwembesongo, nina mtoto mmoja ninayemlea peke yangu. Ni bibi shamba kwenye mradi unaofundisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isisombe udongo.

Kwetu kila mfanyakazi anajiandikia malengo mwenyewe. Mwaka jana niliandika mashamba thelathini, yote juu milimani Uluguru, kwenye miteremko ambayo ukiteleza unaokotwa bondeni. Nilipanda mpaka kucha zikang'oka, na nilikuwa na raha sijapata kuona! Nikamaliza ishirini na sita. Mwenzangu, nimwite Beka, aliandika kumi, akayachagua Mikese, kando ya lami. Jamani, tambarare! Matuta ya ngazi mahali ambapo hata maji hayajui yaelekee wapi. Akachimbisha kumi na mawili. Yeye akawa mfanyakazi bora, mimi nikaandikiwa "hakufikia lengo".

Nilipolalamika, bosi alicheka. "Dada, nani alikutuma ujipandishie mlima? Andika unachokiweza. Mkataba wako unakaribia kuisha."

Basi mwaka huu, nusu ya kwanza, nikaandika kumi, Mikese. Nilimaliza mapema, tangu hapo nashinda kivulini nachezea simu. Asubuhi hata kuoga naona uvivu. Juzi kikaoni nikapigiwa makofi, bosi akasema sasa nimekomaa. Wallahi! Wananitia kinyaa, na mimi najitia kinyaa zaidi.

Jana kanipigia simu mama mmoja mjane wa kule juu milimani, shamba lake ni kati ya yale manne niliyoyaacha. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Vigingi ulivyotupigia bado vimesimama. Majirani wamekubali kuja kuchimba, tunakungoja wewe tu utupimie matuta. Vuli hiyo inakuja, na mwaka jana maharage yote yalishuka na udongo."

Nikamwambia nimebanwa na kazi. Mimi huyo, nimeegemea mti Mikese!

Jumatatu tunajaza malengo ya nusu ya pili ya mwaka. Nikiandika milima nikashindwa tena, mkataba hauongezwi, na mwanangu hana mwingine. Nikiandika Mikese, kazini hawaniruhusu kupanda kule, na shamba la yule mama linaondoka na mvua. Ndugu zangu, niandike nini? Msinionee huruma, nisemeni tu. Maana nilipomdanganya vile, alinijibu, "Pole na kazi mwanangu, usijichoshe sana."