Mbao za Ukuta wa Mapokezi

Mwenye hoteli alinionyesha picha kwenye simu yake: ukuta wa mapokezi uliotengenezwa kwa mbao za mashua kuukuu, rangi imebambuka, matundu ya misumari yanaonekana. Aliuona Ulaya, alikoishi miaka mingi kabla ya kurudi kwao Kismayo, Somalia.

"Nataka kama huu," alisema. "Lakini mbao ziwe za kwetu."

Alikwisha kununua mashua iliyoko kisiwa cha Chovae kutoka kwa Mbajuni mmoja aliyehamia Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuchagua mbao.

Mimi ni msanifu wa mambo ya ndani ya majengo, Mkristo kutoka Kenya. Kismayo hatukuwa na kanisa. Jumapili tulisali chumbani kwangu, mimi na msimamizi wa mafundi, Mkenya mwenzangu, mlango umefungwa na sauti tumezishusha. Ndiye niliyekwenda naye Chovae.

Tuliikuta mashua imepinduliwa mchangani, imetoka kupakwa mafuta ya papa. Mama mmoja alitoka nyumbani akasimama kati yetu nayo.

"Ni ya mume wangu na nduguye," alisema. "Huyo nduguye wa Mombasa ndiye aliyeuza. Hapa hakuulizwa mchu, si mimi si mume wangu. Na jana imeleta samaki."

Mumewe alikuwa ameketi mlangoni, anatazama chini.

Nilipitisha mkono juu ya ubao. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana akilini nilikwisha kuuona chini ya taa za hoteli. Nikampigia mwenye hoteli.

"Mashua hii bado inawalisha watu," nikamwambia.

"Nitawapa mashua ya faiba, isiyo ya mbao, mpya kabisa. Wewe chagua mbao."

"Wape kwanza hiyo ya faiba, ndipo tuivunje hii."

"Siku ya ufunguzi haitangoja," alijibu, akakata simu.

Msimamizi alinivuta pembeni. "Sisi tumeajiriwa, dada. Biblia inatuambia tuwatii mabwana zetu."

"Biblia hiyohiyo inatukataza kutamani mali ya jirani. Na sisi tunalipwa kuwatamanisha watu."

"Basi kazi yetu yote ni dhambi?"

Nilimwambia tu kwamba mimi sichagui ubao hata mmoja. Yule mama alinishika mkono, akidhani mambo yamekwisha. Nilishindwa kumwambia kwamba kukataa kwangu hakumwokolei chochote.

Nilifukuzwa kazi, na msimamizi akarudi kisiwani na misumeno. Jumapili iliyofuata hakuja kusali. Nilijaribu kumwombea nikiwa peke yangu, lakini niliishia njiani, nikaanza kufunga mizigo.

Miezi kadhaa baadaye alinitumia picha ya ukuta. Ulikuwa umetoka vizuri kuliko ambavyo ningeuchora mimi. Wageni, aliandika, husimama mbele yake kupigwa picha.

Nikamuuliza kuhusu mashua ya faiba.

"Bosi anasema hoteli ikishaanza kuingiza faida," alijibu.

"Na yule mume?"

"Yuko bandarini Burgao, anavua kwenye chombo cha mtu mwingine. Nasikia nyumbani harudi mara kwa mara."

Nikamuuliza habari za mama. Aliandika kwamba hajui, kwani hakurudi tena kule.