Siku Nilipovaa Nguo za Theluji Mnyambe

Hii habari nilishaapa kwamba nitazikwa nayo. Naisimulia leo kwa sababu moja tu: mume wangu, Baba Tumaini, ameanza kuisimulia yeye hapa Masasi, kila kijiwe cha kahawa anachopita, na anaiharibu, eti anasema nililia (sikulia, lile lilikuwa jasho). Kwa hiyo sogeeni karibu. Kama ni kunicheka, nichekeni kwa habari kamili.

Mume wangu ana dada yake mkubwa, wifi yangu Anjela, nesi, kaolewa Norwe, tena si Norwe ya kawaida, ni kule juu kabisa kaskazini ambako dunia inakaribia kwisha na Desemba jua halichomozi. Nilimwambia arudie, nikidhani simu inakata. Akarudia: halichomozi kabisa. Sasa mwaka huu akatualika sote wanne, mimi, Baba Tumaini na watoto, likizo ya Desemba, na nauli akasema ni juu yake na mumewe. Jamani, nyumba yetu haikulala! Ombeni, ambaye yuko la kwanza, alitaka kujua kama theluji inaliwa na kama inaliwa, je, ni kwa sukari. Dada yake, Tumaini, alianza kuwatangazia wenzake shuleni kwamba ataburutwa kwenye mkokoteni usio na magurudumu na wanyama wenye mapembe kama matawi ya mkorosho. Mimi nikapanga vyakula, korosho, kisamvu kikavu, na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa sababu Anjela alisema miaka yote hiyo anachoota usiku ni ming'oko. Baba Tumaini, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi jambo lisilo na mpangilio, alikuwa na swali moja tu: "Jua lisipochomoza, chai ya asubuhi tunakunywa saa ngapi?"

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja, nacho ni mama mkwe wangu, Mama Anjela, wa kule Mnyambe, Newala. Mama alikuwa amekataa, tena hakukataa kwa kelele, alikataa kwa ule upole wake unaomaliza mazungumzo. "Anjela alisema anakwenda kusoma, atarudi," aliniambia kwenye simu. "Sijamwona hadi leo. Sasa mnataka kuwapeleka na wajukuu zangu kwenye jokofu? Waende wakagande huko?" Na Baba Tumaini, hata umtukane, hawezi kwenda kinyume cha mama yake. Alisema bila neno la mama hatupandi hata basi la Mtwara, sembuse ndege. Nilimwona Tumaini akiingia chumbani, akajifunika shuka gubigubi mchana kweupe, na roho iliniuma sana.

Basi Anjela akatuma nguo za baridi kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani, ili tuzijaribu na mama azione kwa macho yake. Likizo ya Julai tukazifunga kwenye mfuko, tukapanda hadi Mnyambe. Mpango wetu ulikuwa mzuri tu: mama azishike, apapase ule unene wake, aone kwamba mtu akivaa hivi hagandi.

Sasa siku tuliyofika ndiyo siku vijana walikuwa wanatolewa jandoni. Nyumbani hapakuwa na mtu, mama alikuwa kiwanjani na akina mama wenzake kwenye masufuria, na Baba Tumaini naye akaweka begi chini, akasema anakwenda kuamkia wazee, akapotea hivyo. Nikabaki na watoto na ule mfuko. Ombeni akasema, "Mama, vaa tuone." Na mimi (hapa ndipo nilipokosea, kama mnatafuta mahali) nikasema, kwani shida iko wapi, ngoja nivae kidogo.

Niwaeleze hiyo nguo. Ni ovaroli moja ya rangi ya machungwa, suruali na koti vimeungana, nene kama godoro. Kuna mabuti yasiyokunja kisigino, kuna glavu, kuna mzula wa kuziba uso mzima hadi shingoni, nao mume wa Anjela, ambaye ni mtu wa masihara, alikuwa ametuchagulia wenye ndevu nyeupe na meno yaliyofumwa pale mdomoni. Juu yake miwani mikubwa ya kioo cheusi. Tatizo la kwanza, Anjela ananikumbuka kama nilivyokuwa siku ya harusi yangu. Tatizo la pili, sikuvua gauni, nililikusanya nikalisokomeza humo humo ndani. Nikavuta pumzi, nikavuta zipu, zipu ikapanda, ikapanda, ikafika kidevuni ikaung'ata ule mzula. Ikakwama. Haipandi, haishuki, na mzula hautoki kwa sababu umebanwa na zipu, na glavu sizivui kwa sababu zimefungiwa ndani ya mikono ya ovaroli. Tumaini alivuta hadi akakaa chini. Ombeni alikuwa anacheka tu.

Asubuhi Newala ina ubaridi wake, lakini ile ilikuwa saa saba, jua liko katikati, nami nilianza kuiva. Kabisa, nilikuwa naiva. Nikasikia jasho linatiririka hadi kwenye mabuti. Nikaona hapa ni kumfuata Baba Tumaini, maana kwenye begi lake hakosi plaizi, na begi lina kufuli na ufunguo anatembea nao. Nitapita nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, nimwite kwa ishara, mchezo uishe. Watu hawataniona.

Walioniona kwanza walikuwa wasichana waliokuwa wanatoka bombani. Ndoo zilianguka zote kwa pamoja. "Lipiko! Lipiko huyo!" Wakatimua mbio kuelekea kiwanjani, na mimi nikasimama palepale, nikaelewa.

Kwa asiyejua mambo ya Wamakonde: vijana wakitolewa jandoni, lipiko hutoka kucheza. Amefunikwa mwili mzima hata kidole usikione, usoni ana kinyago chenye meno na ndevu, anatembea kwa kukakamaa, na akina mama na watoto wanamkimbia, wanarudi, wanamkimbia tena. Ndani yake ni mwanamume, siku zote, na sisi wanawake hatutakiwi kujua ni nani, tunatakiwa tuamini kimetoka kitu porini. Mimi ni Mmakua wa Masasi, hayo niliyakuta kwa kuolewa, ila hili moja nililijua vizuri: mwanamke ndani ya lipiko, hilo halijawahi kusikika. Na mkwe mwenyewe! Tena mwalimu wa chekechea, tena mwimbaji wa kwaya kanisani! Nikafikiria neno la mama tulilokuwa tunalingoja, nikaona Desemba yote inayeyuka.

Nikageuka nirudi. Nimechelewa. Ngoma zikalia upande ule, na mtu mmoja mwenye kitawi mkononi, ndiye msimamizi wa lipiko siku ile, akatokea kati ya mikorosho anahema. "Mbona umewahi hivyo?" akaninong'oneza. "Wewe ndiye wa Tandahimba?" Nikatikisa kichwa kukataa, kwa nguvu zote. Akafurahi! Akapiga mluzi, akasema, "Haya, kichwa hichohicho, nenda nacho hivyohivyo," akanisukuma kiwanjani.

Ndugu zangu, nilicheza. Sikukusudia, ila kila nilichofanya kiligeuka ngoma. Nikionyesha zipu kwa mikono miwili, wapiga ngoma wananijibu. Nikitikisa kichwa, watu wanapiga vigelegele. Nikitaka kutoka upande wa kulia, akina mama wanakimbia wakipiga mayowe, kwa hiyo nabaki nimezungukwa, nikienda kushoto vilevile. Kusema siwezi, nikifungua mdomo tu sauti ya mwalimu wa chekechea itasikika hadi Newala mjini. Ombeni alikuwa nyuma yangu analia "Mama! Mamaa!" lakini nani angemjali, watoto wote pale walikuwa wanalia "mamaa". Na Baba Tumaini nilimwona kupitia kile kioo cheusi, amekaa na wazee, ameshika kikombe, anapiga makofi. Mume wangu wa ndoa. Alikuwa anapiga makofi na kumwambia jirani yake jambo, baadaye alikiri kwamba alisema, "Huyu wa Tandahimba miguu yake mizito, ila anajituma."

Halafu akatoka mama mkwe.

Alitoka peke yake kwenye mstari wa akina mama, wenzake wakimvuta nyuma wakimwambia wewe utapigwa, yeye anakuja tu, anacheza kidogo kidogo kwa mabega. Alinizunguka mara moja, akafika nyuma yangu, akavua kanga yake ya juu, akanifunga kiunoni, akaikaza fundo kama anafunga mzigo wa kuni. Watu wakashangilia sana, mama katunza! Nami nikadhani hivyohivyo, kwamba kanitunza, na aibu ikanizidi maana namdanganya mzazi wa mume wangu mbele ya ukoo mzima.

Na hapo, upande wa barabarani, ikasikika njuga. Lipiko mwenyewe wa Tandahimba alikuwa amefika.

Alisimama. Nikasimama. Ngoma zikasita kidogo, halafu wapiga ngoma wakaona hii ni bahati, lipiko wawili, wakapiga kama wanataka kuzipasua. Yule bwana akanijia kwa madaha, ananichokoza nimjibu kwa mchezo, na mimi nikamkimbia. Nawaambia hakuna mtu amewahi kuona lipiko akimkimbia lipiko. Kiwanja kizima kilianguka kwa kicheko, wazee wamejishika mbavu, mimi nakatiza kwenye mikorosho na mabuti yangu yasiyokunja, yule nyuma njuga zinalia, na Ombeni nyuma yetu sote. Alinifukuza hadi karibu na bomba, kisha nadhani akaona hii sasa si ngoma, akarudi.

Tumaini alikuwa na akili kuliko sisi wote, alikuwa amekwenda kumng'oa baba yake pale kwenye viti. Baba Tumaini alinikuta nimelala chali uani kwa mama. Alitazama ile ovaroli, akatazama zile ndevu nyeupe, akakaa chini taratibu. "Mama Tumaini," alisema, "usiniambie." Nikasema, "Leta plaizi." Ilipokatika ile zipu nilitoka na mvuke, kweli kabisa, na Ombeni akasema nanukia ming'oko iliyochemshwa.

Ndipo nilipoifungua kanga, nikageuza ile nguo, nikaona. Mshono wa nyuma ulikuwa umefumuka kuanzia kiunoni kwenda chini, pengo lote hilo, na gauni langu la maua ya njano lilikuwa limechomoza nje. Lile gauni nimeshonewa na mama mkwe. Pasaka. Kwa cherehani yake mwenyewe.

Mama alirudi jioni. Tulimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba wanangu," akaosha miguu, akakaa mkekani kama kawaida. Baba Tumaini alikuwa anatazama dari. "Leo kulikuwa na lipiko mmoja," mama akaanza, "Nnungu wangu, anacheza vibaya! Sijui katoka wapi. Lakini jasho lilikuwa linamtoka, limelowesha hadi nguo, nilipomgusa mgongoni nikadhani nimegusa sufuria." Kisha, kwa upole uleule: "Zile nguo za Anjela ziko wapi?"

Nikamletea. Akaipapasa ile ovaroli unene wake, ndani na nje, akaushika ule mshono uliofumuka, hakuuliza umefumuliwa na nini. Akavuta cherehani. "Mtu akivaa hii hagandi," alisema. "Wajukuu zangu waende." Tumaini alipiga ukelele, akamrukia bibi yake shingoni wakaangukia kwenye vitambaa, na mimi, sawa, hapo nililia, ila hilo Baba Tumaini hakuliona.

Nilishindwa kuvumilia. Walipotoka nje nikabaki nimempigia magoti pale kwenye cherehani. "Mama," nikasema, "ulinijua."

Hakuinua macho kwenye sindano. "Mimi nimekaa na baba yake Anjela hadi anafariki," akasema. "Kila mwaka lipiko anacheza, na kila mwaka mume wangu haonekani kiwanjani, jioni anarudi miguu imevimba, namkanda kwa maji ya moto. Sikumjua hata siku moja. Sasa nitakujua wewe?"

Basi Desemba tunakwenda. Nimeapa kwamba ile ovaroli sitaivaa tena mpaka nione theluji kwa macho yangu, na hata hapo itavaliwa bila gauni ndani na plaizi itakuwa mfukoni. Kanga nilijaribu kumrudishia mama, akaikataa. Akaikunja, akaiweka mwenyewe juu kabisa ya begi, juu ya korosho na ming'oko. "Mpelekee Anjela," alisema. "Mwambie sijampa. Nimemwazima. Aje anirudishie mwenyewe."