Alama ya Mzigo

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Guangzhou, Uchina, naishi kwa posho ya serikali na kwa ubishi, nilipopata kazi ya kumfundisha hesabu binti wa mfanyabiashara mmoja wa Unguja. Tulisomea ofisini kwa baba yake, katika jengo la biashara kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, maboksi yamepangwa hadi mlangoni. Mama yake alikuwa amebaki nyumbani Unguja akimuuguza bibi, na kila siku alimwandikia mwanawe barua pepe.

Alasiri moja nilimkuta binti amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Kaka, mama ananijibu nisichomuuliza."

Nikasoma. Kuna mtu alikuwa ametumia anwani ya mtoto kumwomba mama nakala ya pasipoti yake. Mama amejibu: "Ya nini, mwanangu? Muulize baba yako."

Baba akampigia simu mkewe pale pale, akamwambia asitume kitu. Nikadhani yameisha. Mara barua mpya ya mama ikaingia na, kabla hatujaigusa, ikaonekana imeshasomwa. Mtu alikuwa humo ndani, wakati ule ule, pamoja nasi.

"Huyo mtu akibadilisha paswedi," binti akauliza, "barua zangu?"

"Hutaziona tena."

Hakulia. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikauliza neno la siri ni lipi. Baba akajibu kwa niaba yake: "Alama yetu ya mzigo."

Niligeuka. Alama hiyo ilikuwa ofisini kote: herufi za jina lake na ZNZ, yaani Zanzibar, kwa rangi nyeusi, kwenye kila boksi.

"Mzee, hii imeandikwa ili kila mtu aisome."

"Sasa watu wasipoisoma, mzigo utanifikiaje?"

Kwa mizigo alikuwa sahihi. Mpakiaji, dereva, kuli wa bandarini, wote huifuata alama. Boksi lisilo nayo ni la yeyote. Kwa hiyo alimpa mwanawe kitu alichokiamini kuliko vyote.

Nikafungua ukurasa wa kubadilisha neno la siri. Mtandao ukavuta miguu. Nje, wafungaji mizigo walikuwa wanavuta selotepu kwa kelele, na binti akawa anashtuka kila ikikatwa.

"Tunga sentensi," nikamwambia. "Kitu unachokijua wewe tu. Kama, Shangazi hapendi pilipili lakini huila harusini. Chukua herufi ya kwanza ya kila neno, uchomeke tarakimu katikati."

"Shangazi yangu anapenda pilipili."

"Basi tunga yako. Usitaje siku ya kuzaliwa. Usiniambie mimi."

Akafumba macho, midomo ikicheza. Akaandika mara mbili, taratibu. Ukurasa ukabaki mweupe muda mrefu, kisha ukakubali.

"Haya, sema," baba akasema. "Niiweke akilini."

Binti akanitazama mimi. Nilikuwa nimezoea kuhoji mamlaka za watu wengine madarasani, ambako hakuna aumiaye. Hapa nilikuwa nimemfundisha mtoto kumficha baba yake siri, ndani ya ofisi ya baba huyo.

"Asimwambie mtu, mzee."

"Mimi ni mtu? Na akisahau, utazirudisha wewe hizo barua?"

Swali lilikuwa la haki. Jibu akalitafuta baba mwenyewe: "Toka humo, mwanangu. Uingie tena, tukiona. Ukishindwa, tunarudi kwenye alama."

Akatoka. Akaandika. Ikakataa.

Baba akaweka mkono juu ya boksi la karibu. Mimi nilijikuta nimeshikilia ukingo wa meza. Binti alifumba macho tena, akaipitia sentensi yake, neno kwa neno, kidole kikigonga goti. Kwenye neno moja akasita, akarudi nyuma, akatikisa kichwa. Akaandika upya.

Barua za mama zikajipanga mbele yake. Hakutugeukia. Alifungua ile mpya na kuanza kuisoma, mdomo wazi kidogo.

Baba akavuta kiti hadi kwenye kompyuta ya pili, ile ya biashara, akafungua ukurasa kama ule wa kubadilisha, akakaa akitupa mgongo, mabega yameziba kibodi.

"Kijana," akasema bila kugeuka, "hiyo sentensi lazima iwe ya kweli?"