Agutu Anyimwa Meli ya Kisumu

Agutu aliolewa Mkuyuni na fundi seremala, lakini kwao kulikuwa ng'ambo ya ziwa, katika nchi jirani, upande wa Kisumu. Kwa miaka mingi alipanda meli kwenda kumwona mama yake, na barua ya mwenyekiti wa mtaa ilimtosha. Katikati ya miaka ya tisini zikamfikia habari kwamba mama amefariki. Akashuka bandarini na barua yake kama kawaida.

"Shikamoo, mama," afisa kijana wa uhamiaji alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kumzika mama yangu."

Kijana aliisoma barua, akamrudishia. "Pole sana, mama. Utaratibu umebadilika. Siku hizi wanaovuka mpaka ni lazima wawe na pasipoti."

"Pasipoti nitaipata wapi leo?"

Kijana akamwita abiria aliyefuata. Meli ikaondoka, Agutu akabaki amekaa juu ya begi lake, akilia mbele za watu.

Mama alizikwa bila binti yake wa pekee. Agutu alipopata pasipoti na kuvuka, kaburi lilikuwa limeota majani. Kaka yake alikuwa akipalilia mahindi kando ya kaburi.

"Umekuja kutazama nini?" alimuuliza, akaendelea kulima.