Vizibao vya Shangazi Pindo

Kambini wote wanamwita Pindo, maana hakuna pindo lake lililowahi kufumuka. Mimi namwita Shangazi, kwanza kwa kuwa ni dada wa baba yangu, pili kwa kuwa mkono wake mwepesi.

Silaha kwake ni vipimo tu. Alipoanza kazi katika karakana ya ushonaji, askari walikuwa wakichomeka guruneti lenye mkia mdomoni mwa bunduki, basi akashona mikoba mirefu. Ikaja bunduki fupi nene, inayokunjuka katikati na kulishwa guruneti moja moja. Maguruneti yakawa mafupi manono, naye akahamia kwenye vizibao vyenye mifuko kifuani. Kisha mtutu huo ukaning'inizwa chini ya bunduki ya kawaida, askari asibebe mbili.

"Wanaume hawatulii," alinung'unika akikata turubai. "Nikizoea kipimo, wanabadilisha."

Mwaka ule ikaletwa ya matundu sita, inayojizungusha na kupiga mfululizo. Silaha yenye njaa kama hiyo ilitaka mifuko mingi zaidi. Na aliyepangiwa kuibeba alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye kikosi chake kingeondoka Jumatatu kwenda vitani.

Shangazi alichukia kitu kinachogongana kifuani mwa askari, kwa hiyo alibana mifuko barabara. Aliijaribu kwa maguruneti ya mbao aliyochongewa na seremala, akaridhika, akavikabidhi vizibao.

Alhamisi walifanya mazoezi kwenye mvua. Jioni mwanawe aliingia jikoni akichuruzika maji.

"Mama, maguruneti yamegoma kutoka mifukoni," alisema. "Nimevuta mpaka kucha imeng'oka."

"Ungemwambia adui angoje kidogo," nikadakia. Hakuna aliyecheka, na nilistahili.

Shangazi alikishika kile kidole, kisha akakipapasa kizibao. Turubai lilikuwa jipya, la pamba, na pamba ikilowa hujikaza. Siku zote huliloweka kwanza ndipo akate. Safari hii haraka ilimponza.

Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa sajini wa stoo.

"Nimekosea. Nirudishie vyote."

"Mama, vimeshagawiwa, na kesho tunapakia. Vijana watazoea."

"Watazoea kufa?"

Sajini alivirudisha mwenyewe, amevibeba begani kama dobi. Tulifumua, tukaloweka turubai lingine, tukalipiga pasi likiwa bado na unyevu, tukakata upya. Mimi nilikuwa kwenye cherehani moja, yeye kwenye nyingine, na kila nilipoinua kichwa kupumzika alinitazama mpaka nikainama.

Cha kwanza kilipokwisha alikivaa, akajaza mifuko yale maguruneti ya mbao, akaingia kwenye tangi la maji nyuma ya karakana mpaka shingoni. Mwanamke wa makamo, na gauni lake. Akatoka, akapiga goti kwenye matope, akaanza kuyachomoa, meno yakigongana kwa baridi. La mwisho lilikwama kidogo. Alirudi kwenye cherehani akitiririka maji. Alipoingia tangini mara ya pili, yote yalichomoka kwa mkono mmoja. Tukashona vilivyobaki kwa kipimo hicho hicho, na Jumatatu vikaondoka.

Mwanawe alirudi miezi mingi baadaye, amekonda, mzima. Shangazi alilia bila kujificha, nami nililia. Alipopata sauti, swali lake lilikuwa moja.

"Yalitoka?"

"Yalitoka yote, mama."

Akavua viatu, akajilaza akiukabili ukuta, hata chakula hakutaka.

Shangazi alikipakata kizibao alichorudi nacho mwanawe, akaingiza vidole mfuko baada ya mfuko. Yote ilikuwa mitupu, kama alivyopigania iwe. Nilingoja atabasamu.

"Yote," aliniambia polepole. "Mwanangu amerudi. Sasa, wale yaliyowaangukia, mama zao wako wapi?"