Mbio za Kilima na Jibu Nililompa Mjomba

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha hata herufi moja. Nilipuliza filimbi. Niliteremka kwenye treni pale Morogoro, reli yenyewe bado mpya, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kazi kutoka serikalini Tanga, nikaenda moja kwa moja shuleni na kanzu yangu imejaa masizi. Mwalimu Mkuu alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, mtu mrefu mwenye saa ya mfukoni ambayo sikumwona akiiacha hata akila. Akaisoma barua, akanitazama miguu.

"Wewe mwalimu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wajua kupuliza hii?"

Akanipa filimbi. Nikapuliza, ikatoa sauti kama ya kuku aliyekabwa, na wanafunzi wote uwanjani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mtoto hajui kusimama, hawezi kujua kusoma," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Lo, nikajiuliza ni mwendawazimu gani huyu nimeletewa! Mimi nilisoma chuo cha Kurani huko pwani, tukikaa mkekani na kuyumbayumba na juzuu zetu, na hakuna aliyetuuliza habari za kusimama.

Ninyi walimu wa leo mnasema michezo shuleni imeanza na Mwingereza. Si kweli. Wakati wa Mjerumani kila siku ilianza na mazoezi ya viungo: mikono juu, mikono chini, kuruka kamba, kuning'inia kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi, maana yake ni mtu anayefanya kila kitu na kusifiwa kwa nadra. Nilishika pia daftari la mahudhurio. Lilikuwa na safu ya jina la mtoto, safu ya jina la baba, na safu ya jina la jumbe wa kijiji chake. Safu hizo zilinitosha, nikaamini zimemaliza habari zote za mtoto.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Mgeta, juu milimani, kwenye shule ya udongo yenye chumba kimoja. Jamani, baridi ile! Asubuhi ukungu uliingia darasani kabla ya wanafunzi. Mkubwa wangu huko alikuwa Akida, msimamizi wa majumbe kwa niaba ya serikali, mtu mzito wa maneno na mwepesi wa kiboko, aliyewahimiza majumbe walete watoto. Wazazi waliwaleta shingo upande. Nilimwomba Mungu kila siku nirudishwe mjini, na sioni haya kusema hivyo.

Katika watoto wale alikuwapo Mkude, kama wa miaka kumi na mitatu hivi. Hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa safi, na alipokimbia kwenye vile vijia vya mteremko ungedhani ameteremshwa na upepo. Mwalimu Mkuu kule mjini alipotangaza wiki ya michezo ya shule tatu, yaani ya mjini, ya misheni, na yetu ya mlimani, mawazo yangu yote yalikuwa kwake. Nikaenda kwa baba yake kuomba ruhusa. Akafurahi, akanipa jogoo. Nikateremka mjini na watoto wangu kumi na wawili, siku nzima kwa miguu, tukalala kwenye baraza ya shule.

Jumatatu ilikuwa mazoezi ya viungo kwa fimbo za mbao. Tukashindwa vibaya, maana wanangu hawakujua kulia na kushoto kwa amri. Jumanne tukapelekwa shamba la shule kupima matuta ya pamba na kuhesabu miche, na hapo tukawashinda wa mjini, ambao walishika jembe kama wanashika nyoka. Jioni ile Mwalimu Mkuu akaniita ofisini.

"Mbio za kilima Jumamosi," akasema. "Mshindi nampeleka Tanga, chuoni. Miaka minne, mitano. Na mwalimu wa mshindi nitamrudisha mjini hapa. Lakini usiwaambie watu wa mlima. Wakijua, wataficha watoto."

"Vyema, Bwana," nikasema. Moyo uliniruka kwa furaha. Kusema kweli, sikumfikiria Mkude hata kidogo. Nilifikiria kitanda changu mahali penye joto.

Jumatano tulikuwa mtoni. Hilo lilikuwa somo la nje: watoto wanapima kina cha maji kwa kamba yenye fundo kila mita, wanakusanya majani ya miti na kuyaandika majina. Nilikuwa nimekunja kanzu, maji magotini, mara nikamwona mzee mwenye vumbi la safari amesimama ukingoni na fimbo yake. Mkude alipomwona aliacha kamba, akaenda kupiga goti.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikitoka majini.

"Marahaba, mwalimu. Nani aliyekupa mtoto huyu?"

"Baba yake, mzee. Nilikwenda mwenyewe kumwomba."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Baba yake! Mwalimu, wewe umekaa kwetu siku ngapi? Baba ni mgeni aliyekuja kuoa. Mtoto ni wa mama yake na ukoo wa mama yake. Mimi ndiye mjomba. Mimi ndiye wa kuulizwa."

Nikaona haya mpaka masikioni. Mwaka mzima nimekaa mlimani na sikulijua jambo ambalo hata mtoto wa kubebwa mgongoni huko analijua, kwa sababu halikuwa na safu katika daftari langu. Nikamwomba radhi. Akapokea kwa upole, akakaa juu ya jiwe.

"Kukimbia sina neno," akasema. "Sisi nasi tulikimbia. Lakini dada yangu alikuwa na mtoto mwingine, mkubwa wa huyu. Walimchukua kwenye kazi ya reli, wakasema miezi sita. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia amezikwa wapi. Basi nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Huyu akishinda, atachukuliwa?"

Watoto walikuwa wakipiga kelele majini. Mkude alisimama kando, anatazama chini. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kusema, "Mzee, nimekatazwa kusema," naye angeelewa. Lakini ulimi hauna mfupa.

"La, mzee," nikasema. "Ni mchezo tu."

Akanitazama machoni. "Haya," akasema. "Basi akimbie. Nami nitakuwapo kumtazama."

Alhamisi tulivuta kamba, na wanangu walichimba visigino ardhini wakawaburuta wa misheni hadi ng'ambo ya mstari. Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Mimi sikucheka. Ijumaa ilikuwa nusu siku kwa ajili ya sala, na mchana tukaenda kupaka chokaa jiwe kubwa lililoko juu ya kilima, ambalo wakimbiaji walipaswa kuligusa kwa kiganja. Atakayerudi bila chokaa mkononi hakufika.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wenye maduka walifunga, na Bwana Mkubwa wa boma alikalia kiti chini ya turubai. Mwalimu Mkuu akainua saa yake, mimi nikapuliza filimbi, vizuri safari hii, na vijana tisa wakaondoka. Katika nusu ya mlima alitangulia wa mjini. Kisha tukaona kitu chembamba kinateremka peke yake, kinaruka mawe. Alikuwa Mkude, mkono wa kulia juu, kiganja cheupe pe! Wanawake wa mlimani wakapiga vigelegele. Mjomba alisimama kando bila kutikisika, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Mwalimu Mkuu akatangaza zawadi. Mkude ataondoka Jumatatu kwa treni kwenda pwani, na kutoka huko kwa meli hadi Tanga. Vigelegele vikakatika. Mama yake akakaa chini palepale vumbini. Mjomba akaja taratibu mpaka mbele yangu.

"Mwalimu," akasema, "mchezo umekwisha?"

Akaenda zake. Nilirudishwa mjini kama nilivyoahidiwa, nikapata nyumba upande wa Mafiga na kitanda mahali penye joto, na usingizi wake haukuwa mtamu. Mara mbili nilikutana na mzee yule sokoni. Nilimwamkia, akaitika, lakini mkono hakunipa tena mpaka alipofariki.

Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, Mwingereza akashika shule. Nikafundisha chini yake miaka mingi, nikastaafu, na sasa nakaa Kilakala, macho yamefifia. Vijana wa ualimu huja kuniuliza siri ya kazi. Huwaambia: jua mtoto ni wa nani. Kwa muda mrefu nilidhani hilo latosha.

Mwaka jana alikuja Mkude, naye sasa mwalimu, mvi zimeanza kumtoka. Tulikunywa kahawa. Nikaona nisife na jambo lile kifuani.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilimdanganya mjomba wako. Nilijua utachukuliwa."

"Naye alijua, mwalimu."

"Alijua nini?"

"Kwamba unadanganya. Alfajiri ya Jumamosi aliniita kando. Akaniambia, 'Mwalimu wako amenificha, nimemwona machoni. Ukishinda watakupeleka mbali. Mimi sitaki uende, lakini miguu ni yako. Ukitaka kubaki, jikwae mahali, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kwenda, gusa jiwe.' Nikakimbia. Nilitaka kusoma, mwalimu. Nilikuwa nataka siku zote."

Nikaiweka chini ile kahawa. Mtoto huyu nilikuwa naye darasani mwaka mzima, namwita jina kila asubuhi, naye anaitika, "Nipo." Na siku zote hizo mimi mwalimu wake sikupata kumwuliza anataka nini.