COD wetu alisema code iliungua na server, akaambiwa aonyeshe ngozi

Wakuu, sasa. Vuteni viti.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona, na sehemu tamu zaidi niliisikia nikiwa chini ya meza. Mtaelewa mbele.

Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta kwenye chuo kikuu fulani hapa Njoro. Jina la chuo niachieni, bado napenda kula.

Pale lab tuna programu ya mitihani ya practical. Inapeleka mtihani kwa kila mashine, kisha inakusanya kazi za wanafunzi. Hatukuiunda sisi. Iliandikwa na watu tusiowajua, wakaiweka mtandaoni bure, open source. Wanafunzi wetu wakaiongezea kitu cha maana sana: stima ikipotea katikati ya mtihani, kazi ya mtu haipotei.

Mnaoishi huku mnaijua stima yetu.

Sasa, hiyo bure ina masharti. Leseni yake inasema itumie, ibadilishe, hata ukitaka kuiuza iuze. Lakini ukimpa mtu programu, mpe na code yake, yaani maandishi yanayoiunda, naye awe na uhuru ule ule uliopewa wewe. Na majina ya walioiandika usiyaguse.

COD, yaani mkuu wa idara yetu, aliipenda kupita kiasi. Akaanza kuiita "system yetu" mbele ya wageni. Chuo kimoja cha ufundi kule Elburgon kilipoiomba, alikubali mbio mbio. Kisha akaniagiza nifute majina yote, niweke jina la idara, na niwapelekee programu tupu bila code.

Nikamwambia leseni hairuhusu.

Akacheka. "Kitu ya bure iko na masharti gani?"

Nilikataa, akafuta mwenyewe. Niliudhika kweli. Wanafunzi wetu waliitolea jasho ile kazi, na sasa ilikuwa kana kwamba iliota yenyewe pale ofisini kwake.

Programu ikafika Elburgon, ikagoma. Mashine zao ni za zamani, na tulichowapa kilikuwa kimetengenezwa kwa mashine mpya. Dawa yake si kubwa: ukiwa na code unairekebisha kidogo na kuijenga upya. Ila code hawakuwa nayo, na practical ya mwisho ya wanafunzi wao ilikuwa Jumatatu. Mtihani ukiahirishwa, wengi wangekosa nafasi za attachment, yaani mafunzo ya kazini, walizozitafuta kwa shida.

Msimamizi wa lab yao ni mwalimu mmoja, Madam Nyambura. Akapiga simu. COD akamwambia code haipo tena, ilikuwa kwenye server, na server iliungua stima iliporudi kwa nguvu.

Wakuu, wakati anasema hayo, nilikuwa nimeiegemea hiyo server.

Hapa niwatoe nje ya lab kidogo. Huku kwetu hata mwenye PhD anafuga. COD na Madam wako kikundi kimoja cha ng'ombe wa maziwa. Ukiingia unapewa mtamba bure. Maziwa ni yako, kunywa, uza. Lakini ndama jike wa kwanza unampa mwanachama anayefuata, naye akizalisha afanye vivyo hivyo.

Chairman wa kikundi ni COD, na hana mchezo. Mwanachama mmoja aliwahi kusema ndama wake amekufa. COD aliwasha gari mpaka kwake, akaomba kuonyeshwa ngozi. Ngozi haikuwepo. Ndama alikuwa anakula nyasi kwa shemeji.

Haya, turudi lab. Ijumaa Madam akaja mwenyewe, flash disk mkononi. Mimi nilikuwa chini ya meza nikipanga waya. COD akarudia hadithi ya server, na safari hii ilikuwa na moshi.

Madam alimwacha amalize.

"Daktari, mimi sina maneno mingi," akasema. "Kwa kikundi, mtu akikuambia ndama imekufa, wewe humwambia nini?"

Nikasikia COD akipekua karatasi, na Madam akajijibu mwenyewe:

"Humwambia akuonyeshe ngozi. Basi nionyeshe hiyo server imeungua."

Nilikaza waya mkononi na kuomba nisipige chafya.

Nikasikia kiti kikilia, kisha COD akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa na anajua.

"Boss, toka hapo chini," akaniita. "Wekea Madam code yote. Na yale majina, rudisha."

Nilitoka na vumbi magotini na furaha ambayo sikujisumbua kuificha.

Jumatatu practical ikafanyika Elburgon, na wanafunzi wakaenda attachment zao. Halafu wale wa lab yao wakatutumia marekebisho waliyofanya kwa ajili ya mashine za zamani. Nikayaweka kwenye zile kompyuta zetu za safu ya nyuma, ambazo tulikuwa tumezigeuza meza ya kuwekea vikombe. Zikawaka na kufanya kazi.

Kumbe ndama alikuwa amezaa.

Nilichojifunza ni kwamba kitu cha bure si kitu kisicho na mwenyewe. Kuna mtu alikupa, na kuna mtu anasubiri nyuma yako. Soma leseni kabla hujabandika jina lako.

Siku hizi kwenye code kuna majina ya wale tusiowajua, ya wanafunzi wetu, na ya wale wa Elburgon. Juzi COD akaniuliza polepole kama lake nalo linaweza kuingia. Nikamwambia, kwa heshima zote, aandike kitu kwanza.

Leo saa ya lunch amekuja na chai yake, akavuta kiti kando yangu, akasema nimwonyeshe pa kuanzia.

Nyinyi mnaofanya kazi kwenye lab za vyuo, huko kwenu ni nani anafaa kuonyesha ngozi? Semeni hapa chini, ila wakubwa wenu msiwataje majina. Kula bado ni muhimu.